Gaudensia Tluway, Aliyefuatilia Sala za Waliotawanyika
(14 Juni 1948 – 2 Agosti 2009)

Shikamooni wazee. Vijana, poleni na safari. Nawashukuru wote mliofika hapa Nambis.

Maneno haya ni ya Margwe Slaa, mume wa marehemu. Nimeyasema mimi, binti yetu Irene ameyaandika na ndiye anayeyasoma, kwa kuwa mimi shule sikuiona. Nimezoea kusema machache. Leo ni mengi kidogo. Naomba yasikilizwe mpaka mwisho kabla mtu yeyote hajaondoka. Hili nalisema hasa kwa vijana waliosimama kule nyuma ya zizi na marungu. Nimesikia tukimaliza kufukia mnashuka Hanang. Nimesikia lori linawasubiri Dongobesh. Mnasema mnakwenda kulipa damu ya Mwalimu, mke wangu. Basi kwanza sikilizeni Mwalimu huyo alikuwa nani, na damu yake ilimwagwa na nani.

Marehemu Dkt. Gaudensia Tluway alizaliwa tarehe 14 Juni 1948 hapa Nambis, mtoto wa kwanza wa mzee Tluway Bura na mama Philomena. Nyumba yao ilikuwa pale ambapo sasa shemeji yangu Zita amepanda vitunguu swaumu. Mwaka 1956 baba yake alishuka bondeni kutafuta ng'ombe waliopotea. Alichomwa mkuki. Uliingia chini ya mbavu ukatokea mgongoni. Walimpandisha huku juu akiwa kwenye ngozi ya ng'ombe, na Gaudensia, mtoto wa miaka minane, alipewa tawi afukuze inzi mpaka kaburi likamilike. Aliyemchoma hakujulikana. Ilijulikana tu kwamba ni mmoja wa wale Wabarabaig wa chini, wafugaji wa Hanang. Wanaume wa hapa, sisi Wairaqw, wakashuka kulipa. Walirudi na mikuki yenye damu. Na huyo waliyemuua huko, naye hawakujua ni nani.

Baada ya hapo wazee walikaa kufanya slufay, ile sala yetu ambayo mmoja anasema na wengine wanaitikia. Babu yake Gaudensia ndiye alikuwa anasema. Akasema ugonjwa ushuke. Kifo kishuke. Ubaya wote wa nchi hii uteremke bondeni. Watu wakaitikia. Ndipo mtoto akauliza kwa sauti, "Babu, na wale wa chini, wao wanautuma wapi?"

Alipigwa kofi mpaka akakaa chini. Bibi yake akamwinua, akampeleka jikoni, akamwambia, "Nyamaza. Hilo swali hata mimi ninalo, ila mimi nina akili ya kutouliza."

Marehemu alipenda kusimulia kofi hilo. Alisema shahada yake ilianzia pale.

Alianza shule ya msingi Endagikot mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati mjini Mbulu. Alichapwa sana. Walimu wa siku zile walichapa kwa kuchelewa, kwa kusema lugha ya nyumbani, na kwa kucheka. Yeye alikuwa na makosa yote matatu. Mwaka 1964, akiwa darasa la nane, wanaume watatu walimvizia njiani wambebe wakamwoze kwa nguvu. Walimvuta nywele, wakamburuta mpaka nguo ikachanika. Alimng'ata mmoja kidole mpaka mfupani, akakimbia. Nayajua haya kwa sababu mwenye kidole alikuwa binamu yangu. Mpaka alipokufa kidole kile hakikukunjika. Nilipomwambia ninataka kumposa Gaudensia, alikiinua mbele ya uso wangu, akasema, "Margwe, kaka yangu, ng'ombe za mahari toa. Lakini mkono usimpe."

Alisoma sekondari ya wasichana huko Moshi, kisha chuo cha ualimu. Januari 1970 alianza kufundisha shule ya msingi Dongobesh. Mimi nilikuwa napeleka maziwa kwa walimu. Wengine walikuwa wanapokea kibuyu wanafunga mlango. Yeye aliuliza jina la ng'ombe.

Tulifunga ndoa tarehe 26 Septemba 1970. Mungu alitupa Patriki mwaka 1971, Irene mwaka 1974, na Michael, aliyekufa kwa surua akiwa bado ananyonya. Mwaka 1975 marehemu aliitwa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Aliniuliza kama aende. Nikamwuliza kama anataka. Akasema anataka. Akaenda. Mama yangu alikuwa bado na nguvu, tukalea.

Watu walisema, na mliosema wengine mpo hapa. Kwenye pombe waliniambia, "Margwe, mkeo ameolewa na vitabu." Nikawajibu kwamba basi vitabu vilete mahari. Baadaye akaenda Uingereza, mwaka 1984, na huko alikaa mpaka 1988. Aliporudi alikuwa Daktari, na mzee mmoja wa hapa alikuja na mguu wake wenye donda ili autazame. Marehemu alimwosha donda, akamfunga kitambaa, akamwambia, "Shikamoo babu. Mimi ni daktari wa kugombana kwa nchi." Mzee akasema mguu wake nao umegombana. Alipona.

Kuanzia mwaka 1988 hadi 2007 alifundisha uhusiano wa kimataifa pale Chuo Kikuu. Nitasema kazi yake kama nilivyoielewa mimi. Wanafunzi wake mliotoka Dar mtanisamehe. Alifuatilia watu waliofukuzwa kwao wakatawanyika. Siku hizi redioni wanasema diaspora. Yeye alisema waliotawanyika. Alitaka kujua wanasali nini wakiwa mbali, na sala ile inarudi vipi kwao, kama chakula au kama risasi.

Alianza karibu. Miaka ile huko Hanang kulikuwa na mashamba makubwa ya ngano, yaliyolimwa kwa msaada wa nchi ya nje. Wabarabaig waliondolewa malishoni. Maboma yalichomwa moto. Wanawake walipigwa. Wazee wao walikuwa wamezikwa chini ya vilima vya udongo, vilivyojengwa kwa miezi mingi kwa heshima, na matrekta yalipita juu yake. Wengi walihama na ng'ombe wao, wakafika mpaka Usangu na Kilombero. Sisi huku juu tulitazama moshi. Wapo waliosema ndiyo ile sala ya wazee imejibiwa. Gaudensia alisema anashuka.

Nilimsindikiza na upinde wangu. Tulifika kwenye boma la mwanamke anayeitwa Udamis. Alitoka na fimbo yake, akamtazama mke wangu kuanzia viatu.

"Wewe ni mtoto wa wale wa juu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Baba yako yuko wapi?"

"Mlimuua."

Nilishika upinde vizuri. Udamis akasema, "Na wa kwangu mlimuua nyie. Basi hapa hakuna mgeni. Shika kibuyu ukamue."

Marehemu alikuwa amesahau kukamua, miaka mingi ya shule. Ng'ombe alimpiga teke, kibuyu kikaenda huko. Udamis alicheka mpaka akakaa. "Daktari gani huyu anayeshindwa na chuchu?" Marehemu alilala kwenye boma lile siku ile na siku nyingi nyingine, kila likizo, mpaka akajua Kibarabaig kama mtoto wa pale. Mama Udamis yupo hapa leo. Ni yule aliyekaa kwenye kigoda karibu na jeneza. Nataka kila mtu amwone.

Baadaye marehemu alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1995 alikaa kwenye kambi ya wakimbizi kule magharibi mwa nchi yetu. Siku moja aliingia kwenye ibada yao. Mhubiri alitaja vilima vya nchi yao kimoja kimoja, akiomba moto uvishukie, na watu elfu nzima wakisema Amina. Haukupita muda mrefu, vilima vingine kati ya hivyo viliungua, na watu ndani ya nyumba. Marehemu aliandika alichosikia. Mabalozi walimwita wakamsikiliza. Kambini ilijulikana, na aliporudi walimpiga mawe. Alipoteza jino la mbele na kucha mbili. Nilipomwuguza hapa nyumbani nilimwuliza kama na yeye alisali nao siku ile. Akaniambia, "Baba Patriki, niliitikia Amina kabla sijasikia wanaomba nini." Jambo hilo lilimuuma kuliko jino.

Alifuata makanisa ya watu hao mpaka Brussels na Toronto, na ya watu wengine waliotoka nchi nyingine zenye vita. Alikuta kitu kimoja kila mahali. Mtu akiwa mbali, kwao hakusogei. Anakumbuka siku aliyofukuzwa, na kila akisali anaisali siku ile. Mtu wa nyumbani ameshachota maji na adui yake, ameshamwoza binti, ameshachoka. Yule wa mbali hajachoka. Tena kanisa la huko linamsikia, na bunge la huko linalisikia kanisa, na fedha inakuja, na bunduki inakuja. Alifundisha hayo miaka mingi. Aliandika vitabu viwili. Vipo ndani, juu ya kabati.

Soko huria lilipokuja, alisema tuangalie, tutaona hapahapa kwetu aliyoyaona kule. Zamani ng'ombe akiibwa alifichwa kwenye kundi la mtu. Wazee walifuata nyayo, wakakaa, wakalaumiana, ng'ombe akarudi. Sasa kuna malori. Ng'ombe wa kuibwa asubuhi anakuwa nyama Arusha kabla wazee hawajavaa viatu. Hakuna nyayo za kufuata, imebaki kuua. Kwa upande wao na kwa upande wetu. Mwaka 2002 tulipewa Mkoa wa Manyara, tukapata ofisi Babati, na minara ya simu ikasimama kila kilima. Ikawa mbuzi akipotea hapa Nambis, Patriki anajua Marekani kabla ya jirani.

Patriki mwanangu yupo Marekani tangu 1999. Yupo kwenye simu sasa hivi anasikiliza, Hermani, yule kijana hapa mbele, ndiye ameishika. Huko wana umoja wa watoto wetu, wanasali pamoja. Wamesali sana kuhusu Wabarabaig. Alibishana na mama yake kwenye simu mara nyingi. Siku moja alimwambia, "Mama, nyie mnalala tu huko. Sisi huku hatulali kwa ajili yenu." Mama yake akamjibu, "Mwanangu, huko ni mchana. Ndiyo maana hamlali."

Sasa nasema habari ya kupigwa kwake.

Jumatano tarehe 8 Novemba 2006 marehemu alikuwa anatoka Basotu. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao. Mwanaume akimkosea mwanamke, wanakusanyika na fimbo zao wanamhukumu, na hakuna anayebisha. Walikuwa wamemwalika. Wakamvisha sketi ya ngozi, ile wanayovaa wake zao, na shanga. Haikuwa desturi kumpa mtu wa kwetu. Alifurahi, akaondoka nayo mwilini. Gari alilopanda likaharibika chini ya mlima. Akaamua kupanda kwa miguu.

Njiani akasikia ng'ombe wanakuja, vumbi jingi, na wanaume wanawaswaga kwa Kibarabaig. Hapa nataka kila mfugaji asikilize. Ng'ombe wa Mbarabaig haendi kwa lugha yetu. Ukimwita kwa Kiiraqw anasimama anakutazama. Anayemwiba lazima amswage kwa lugha aliyokulia, la sivyo hafiki popote. Hilo mnalijua wote, na wezi wanalijua kuliko wote. Marehemu alisikia Kibarabaig, akadhani ni wenye ng'ombe. Akasogea pembeni ya njia, akawasalimia kwa Kibarabaig, kama mama anavyosalimia watoto wake.

Walikuwa vijana wa kwetu. Waliona mwanamke wa Kibarabaig aliyewaona sura.

Rungu la kwanza lilimpiga juu ya sikio. La pili lilivunja mkono aliouinua. Alipoanguka wakaendelea, mgongoni na kichwani. Kilemba kikatoka. Ndipo mmoja akasema kwa Kiiraqw, "Huyu ni Mwalimu." Mwingine akasema, "Mwalimu gani? Swaga." Wakaenda. Ng'ombe walimpita huku na huku. Hakuna aliyemkanyaga.

Waliomwokota ni wenye ng'ombe, waliokuwa wanafuata nyayo. Mmoja alikuwa mtoto wa mwisho wa Mama Udamis. Aliacha ng'ombe za baba yake zikaenda, akambeba huyu aliyemwita shangazi, kwenye ngozi, kupanda mlima wote. Walipofika kwenye maduka ya kwanza barabarani watu waliona Wabarabaig na mtu wetu, Mwalimu wanayemjua sura, anavuja damu. Hakuna aliyeuliza. Walipigwa kwa mawe na mipini ya majembe. Wenzake walikimbia. Yeye hakukimbia, kwa sababu alikuwa bado ameshika ngozi, asimwangushe. Walimuua pale, mbele ya duka, na alipokwisha kufa walimchoma moto. Siku iliyofuata watu wetu walishuka wakachoma maboma. Walikufa wanaume, na mwanamke mjamzito, na watoto. Wabarabaig nao walipanda wakaua watu wetu, na mliofiwa wengine mpo hapa. Yote hiyo ilikuwa kulipa damu ya mtu aliyekuwa hospitalini, hajafa, na ambaye hawakumpiga.

Marehemu alitibiwa Mbulu, kisha Moshi, ambako alipasuliwa kichwa. Hakusema neno mpaka Pasaka ya mwaka 2007. Siku sauti iliporudi, ilirudi na Kibarabaig. Wauguzi hawakuelewa, mimi nilielewa kidogo. Alikuwa anaomba maziwa. Kiiraqw kilirudi baadaye, na Kiswahili kikafuata. Kiingereza hakikurudi kabisa, na vitabu vyake mwenyewe hakuweza kuvisoma. Aliachishwa kazi kwa ugonjwa, tukarudi naye hapa.

Alipoweza kusema alisema yote niliyosema. Aliwaambia polisi. Alimwambia padri. Alisema kwenye jumuiya, amesimama na fimbo yake. Watu waliitikia, "Pole sana Mwalimu," wakatoka nje wakagusa vichwa vyao. Walisema kichwa kimeumia. Walisema hata lugha yake imegeuzwa na wale wachawi wa chini. Mwanamke ambaye mabalozi walimsikiliza, hakusikilizwa Nambis.

Mimi nilimsadiki tangu siku ya kwanza, nikasema hivyo kila mahali. Niliambiwa mapenzi yamenizeesha vibaya.

Mama Udamis alipanda kuja kumwona. Alikuja peke yake, kwa miguu, kwenye njia ambayo watu wa kwetu wangemuua. Walikaa hapo nje kwenye jua, mmoja amefiwa na mtoto, mwingine amepasuka kichwa, wakamenya maharage. Nilisikia Mama Udamis akimwambia, "Umeharibu sketi yangu." Marehemu akamwambia, "Nitashona." Walicheka wote wawili, halafu wakalia, halafu wakamaliza maharage.

Degedege lilianza mwaka 2008. Kila likimkamata liliacha amepungua. Mwezi wa saba mwaka huu hakutoka tena kitandani. Asubuhi ya Jumapili tarehe 2 Agosti nilimpa uji. Akaonja, akasema hauna chumvi. Nilikwenda kuleta chumvi. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda.

Jumapili hiyohiyo simu zilianza. Kabla sijamfunga taya, huko ng'ambo walikuwa wameshaandika ujumbe wao usomwe hapa. Unasema damu ya Mwalimu haitapotea bure, na wanaomba moto wa Mungu ushuke Hanang. Patriki, mwanangu, ujumbe wenu umefika. Sitausoma. Nyumba hii haitaitikia Amina. Kaeni muombe upya.

Vijana, nimefika kwenye jambo lenu.

Juzi Jumanne alikuja mtu kwangu, na mama yake. Alisimama mlangoni, akasema shikamoo, akashindwa kuendelea. Mama yake akamsukuma mgongoni. Akasema, "Baba, mimi ndiye niliyesema huyu ni Mwalimu."

Nikamwuliza, "Na aliyepiga?"

Akasema, "Nilipiga kwanza. Ndipo nikamwona."

Akasema tangu wakati ule kila mtu aliyeuawa, juu na chini, anajua ni yeye. Akaniomba nimtaje leo mbele yenu, mmfanye mtakalo. Mkuki wa marehemu baba yangu uko juu ya mlango, niliutazama. Mama yake aliona ninapotazama, akaja akasimama kati. Nikamwambia yule mtu, "Nenda ukachimbe." Kaburi hili mnaloliona, yeye ni mmoja wa waliochimba. Hakupumzika.

Jana nilimwambia Mama Udamis, kwa sababu mtoto aliyeuawa ni wake na haikunipasa kuamua peke yangu. Hakulia. Aliuliza, "Ana mama?" Nikasema anaye. Akasema, "Nataka kukaa naye." Wamekaa pamoja sasa hivi, hapo karibu na jeneza, kati ya wanawake. Zita amewakusanya wanawake wote wa Nambis wakawazunguka, msijue mama wa yule mtu ni yupi. Msihangaike kutazama. Kila mmoja wao atasema ni yeye.

Kwa hiyo anayetaka kulipa damu ya Gaudensia hana haja ya lori. Hanang hakuna wa kumdai. Mtu wake yuko hapa, ana udongo kwenye viatu, kama nyie wote mliosaidia kuchimba. Ataanza na nani? Akitaka kubahatisha, aanze na mimi. Nimekaa hapa mbele, kwenye kiti. Sina mahali pa kwenda. Naomba mmoja wenu ampigie dereva simu, Dongobesh, amwambie aende zake.

Marehemu ameacha mume, Margwe Slaa. Ameacha watoto wawili, Patriki na Irene, na wajukuu watano. Ameacha mdogo wake Zita, na shangazi yake Bibi Bernadina, ambaye hawezi kutoka nje lakini anasikia kupitia dirishani. Ameacha wanafunzi wengi, na waliokuja kutoka Dar es Salaam tunawashukuru. Ameacha dada yake, Mama Udamis wa Basotu.

Na mtoto wa mwisho wa Mama Udamis, aliyembeba kupanda mlima, aliitwa Gidarya. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa anajiandaa kuoa. Jina lake halijawahi kutajwa kwenye msiba wowote huku juu. Linatajwa leo, kwenye huu, na Irene naomba ulirudie ili walio nyuma wasikie.

Gidarya.

Mungu awapumzishe wote wawili.